Vitenzi Vilivyopita Njia ya Tabora

Hakuna lalamiko linalorudi katika safu za barua za magazeti yetu mara nyingi kama hili: kwamba vijana wa leo wanaiharibu lugha kwa kuijaza vitenzi vya Kiingereza, wakisema wamefeli mtihani, wamesaini mkataba, wanachaji simu, wanaprinti barua, na kwamba Kiswahili kisipohifadhiwa mapema kitakuja kubaki jina tupu. Mwenye kulalamika aghalabu ni mtu mzima, mwenye elimu na nia safi na mapenzi ya kweli kwa lugha yake, nami humsoma kwa heshima. Walakini kila nimsomapo naona kwamba kalamu yake mwenyewe imebeba vitenzi vya kuazima kupita vya hao anaowakemea. Kuharibu, kuhifadhi, kufikiri, kusahihisha, kuwasilisha, kustahili, vyote hivi asili yake ni Kiarabu, na kadiri mwandishi anavyokuwa fasaha ndivyo anavyovitumia kwa wingi, wala hapana mtu amwambiaye kwamba anasema lugha ya kigeni.

Sisemi haya kwa kumfanyia mzaha mzee huyo, wala kwa kumfungulia kijana mlango aseme apendavyo. Ninalodai ni kwamba kitenzi cha kigeni kihukumiwe kwa mwenendo wake baada ya kufika, kuliko kwa nchi kilikotoka. Kama kinapokea viambishi vyetu, kikanyambulika, kikakanushwa kwa kanuni zetu, na kama kimeleta maana tuliyokuwa na haja nayo, basi kimekuwa raia. Na kama hakifanyi hayo, hata kikitoka Makka kitabaki mpita njia. Hoja hii ingeweza kusemwa popote, ila nimeona niisemee hapa Tabora, kwa sababu mji huu ulikuwa kiungo cha njia kuu ya misafara, na vitenzi vingi tunavyovidhani leo kuwa ni vya asili vilipanda bara kwa njia hiyo, kwa miguu, katika vinywa vya watu waliokuwa na mizigo mabegani.

Njia yenyewe ilianza pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapita Mpwapwa, ikakata nyika ya Ugogo ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita, ikaingia Unyamwezi kwa upande wa Tura, ikafika Unyanyembe, nchi ulimo mji huu, na kutoka hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea kaskazini kwa nchi za Karagwe na Buganda, na jingine likishika magharibi kwa Uvinza, penye chemchemi za chumvi, hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Wasafiri Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kaze, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, wakawakuta Waarabu wa Omani wamekwisha kukaa kitako katika matembe yao, na miongoni mwao Snay bin Amir, aliyewapokea kwa karamu na kumsaidia Burton kukusanya maneno ya Kinyamwezi. Mwaka 1872 wasafiri Livingstone na Stanley nao walikaa pamoja Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, katika tembe ambalo hata leo wageni hupelekwa kulitazama.

Lakini ingekuwa kosa kuidhania Unyanyembe kuwa ilikuwa Maskati iliyohamishwa. Nchi ilikuwa ya watemi, kina Fundikira na waliomfuata mpaka Isike, ambaye Wajerumani hawakumweza ila kwa kulivunja boma lake mnamo Januari 1893. Na mgeni aliyetaka kudumu hapa ilimpasa apatane na wenyeji, na njia ya kupatana iliyo imara kuliko zote ilikuwa ni ndoa. Muhammed bin Juma, babaye Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliishi hapa na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Na katika nyumba ya namna hiyo, ambamo mume ana lugha yake na mke yake, na watumishi wamekusanyika kutoka pembe tatu za bara, haiyumkiniki kuendesha maisha kwa majina ya vitu peke yake, maana mtu huweza kuonyesha kidole kwenye chungu akaeleweka, lakini hawezi kuonyesha kidole kwenye kusamehe.

Msafara ulikuwa na kazi za aina mbili, na vitenzi vyake vilijipanga kwa aina hizo. Zilikuwako kazi za mgongo na miguu, nazo zilibaki na maneno ya Kibantu: wapagazi walitwikana mizigo alfajiri, wakabeba, wakavuka mito, wakakwea vilima, wakatua jua lilipokuwa kali, wakachota maji, wakapika, wakalala. Kitenzi kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani, ambacho ndicho ndugu wa neno mpagazi, leo hatukisikii tena ila kwa pepo, ambaye bado huwapagaa watu kama kwamba hajapata habari kuwa reli imejengwa. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na uliokuwa wa nguo iliyofungwa na kushindiliwa uliitwa mtumba. Humo mlikuwa na merikani iliyofumwa Marekani, au kaniki ya Uhindi, iliyopimwa kwa shuka na doti na kutolewa kama mshahara, posho na hongo. Na anayenunua mitumba leo sokoni hapa Tabora, akichambua mashati yaliyovaliwa na watu wa ng'ambo, hutamka jina la mzigo uleule.

Aina ya pili ilikuwa ni kazi za daftari na ahadi. Mali ya msafara aghalabu haikuwa ya mwenye msafara. Matajiri wa Unguja, kama Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa bidhaa kwa mkopo, na mkopo ulirudi baada ya miaka kwa sura ya pembe za ndovu, ikiwa ulirudi. Kwa hiyo ilibidi kuwa na mtu wa kuhesabu, wa kukabidhi na kukabidhiwa, wa kuajiri, wa kudhamini, wa kusajili, wa kudai na kukiri deni. Na msafara ulipofika haukufika tu, uliwasili. Vitenzi hivi vyote ni vya Kiarabu, na vilipanda bara pamoja na wino.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba tuliazima kwa sababu ya umaskini, kana kwamba Mnyamwezi alikaa akimngoja Mwarabu aje amfundishe kufanya biashara. Tazama vitenzi vya soko lenyewe: kuuza, kununua, kulipa, kukopa, kupima, kugawa. Vyote ni vya Kibantu, vya kale kuliko tembe la kwanza la Kaze. Wanyamwezi walikuwa wakisafirisha chumvi, shaba na majembe ya chuma kabla ya misafara ya Waarabu kuizoea nchi, na walipochukua mizigo ya pwani waliichukua kama watu wa kazi wenye masharti na desturi zao, jambo ambalo mwanahistoria Stephen Rockel amelieleza kwa urefu katika utafiti wake juu ya wapagazi. Tulichoazima, basi, ilikuwa ni tofauti ndani ya maana, na utajiri wa tofauti hizo ndio unaomfanya Mswahili aweze kusema kwa insafu. Anayewaza na anayefikiri hawafanyi jambo moja. Anayeitika huonyesha kwamba yupo, anayejibu hutoa hoja. Na anayekwenda shambani hatusemi kwamba anasafiri, hata shamba likiwa mbali, kwa kuwa kusafiri kulikuwa na maana ya kuaga, kufunga mzigo, na kuacha wasia.

Sarufi ilivipokea vipi? Hili ndilo lililo na shani, nalo wasemaji hulifanya kila siku pasipo kulijua. Kitenzi cha Kibantu humalizika kwa irabu a, kama enda, lipa, tua; na kikikanushwa katika wakati uliopo, irabu hiyo hugeuka kuwa i, tukasema siendi, halipi, hawatui. Vitenzi vya Kiarabu vilifika na miisho ya i, e na u, na lugha haikuvilazimisha kuchukua a. Iliviacha vikae kama vilivyo, katika kukubali na katika kukanusha: anasafiri na hasafiri, anasamehe na hasamehe, anahesabu na hahesabu. Lakini katika kunyambua haikuvipa ruhusa yoyote ya kufuata desturi za kwao. Mwarabu akitaka kugeuza maana ya kitenzi hugeuza matumbo yake, akaongeza herufi ndani au akairefusha irabu. Sisi tunaliacha tumbo likiwa zima na kukiongezea mkia, wasili ikawa wasilisha, samehe ikawa sameheana, na hesabu, kwa kuwa u yake haikupendeza mbele ya mkia, ikaitupa ikawa hesabiwa na hesabika. Katika vyote hivi hakuna kinachonifurahisha kama sahau. Hili ni neno la Kiarabu bila shaka, walakini mtu akisahau, jambo husahauliwa na kusahaulika, kwa l ambayo Mwarabu hakuileta wala hajapata kuisikia. Masikio ya Kibantu yaliusikia mwisho wake wa vokali mbili, yakaufananisha na pindua na fungua, ambavyo hutoa pinduliwa na funguliwa, yakampa mgeni l ya wenyeji kana kwamba alikuwa nayo tangu kuzaliwa akaiangusha njiani.

Jina la kitu ni rahisi kupokewa kuliko kitenzi. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kuishika hadi 1698, wakatuachia meza, bendera, mvinyo, gereza na leso, lakini kitenzi chao katika lugha yetu ni kitu adimu. Wajerumani nao walituachia shule na hela. Na hela ina kumbukumbu yake hapahapa, kwa sababu mwaka 1916, vita vilipowazuia kupata fedha kutoka kwao, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora, za shaba nyeupe kwa nyekundu za hela 5 na 20, na za dhahabu za rupia 15 zilizochorwa ndovu, mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Sarafu zile sasa ni mali ya wakusanyaji wa vitu vya kale, jina lao limekuwa jina la fedha zote, na hizo hela tunazihesabu kwa kitenzi cha Mwarabu na kuzitumia kwa kitenzi cha Mbantu. Jina hupita forodhani ndani ya sanduku. Kitenzi hakiji mpaka watu wawe wamekaa pamoja, wakabishana, wakashtakiana, wakasomeshana, wakasali nyuma ya imamu mmoja.

Atakaye kuona kwamba jambo hili si letu peke yetu na akitazame Kihispania, lugha ambayo nayo ilikaa na Waarabu, tena muda mrefu kuliko sisi wa Tabora, tangu mwaka 711 hadi kuanguka kwa Granada mwaka 1492. Waarabu waliijaza lugha ile majina: sukari yetu kwao ni azúcar, mafuta ni aceite, ghala ni almacén. Lakini vitenzi vilivyobaki ni vichache mno. Naona sababu yake ni kwamba kule dini ya watawala iliondolewa pamoja na watawala wenyewe, na vyuo vyake vikafungwa, hali hapa kwetu chuo cha Kurani kilibaki barazani hata Mwarabu alipokwisha kuondoka, kikiendelea kufundisha kusali, kuamini, kutubu na kusubiri kwa watoto ambao baba zao walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na Wasukuma.

Kwa Kiingereza, kinyume chake, Wahispania leo wako pale tulipo sisi, na jinsi wanavyofanya inafaa kutazamwa. Vitenzi vyao ni vya aina tatu kwa miisho, ar, er na ir. Lakini kila kitenzi kipya kinachotoka kwa Waingereza hutiwa katika aina ile ya kwanza tu, mara nyingi kwa mkia wa ear. Kuzungumza kwa maandishi katika simu ni chatear. Kuegesha gari, katika Kolombia na nchi za Amerika ya Kati, ni parquear. Na kususia ni boicotear, kitenzi kilichotokana na jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba aliyesusiwa na wapangaji wa Ireland mwaka 1880. Chuo chao cha lugha, Real Academia Española, kilichoasisiwa mwaka 1713, si chuo cha watu wepesi, na bado kamusi yake ya mwaka 2014 ilikipokea kitenzi tuitear. Wazee wao wananung'unika kama wetu. Nao Wahispania, baada ya karne karibu nane na Waarabu, neno safari wamelipata kwa Waingereza, ambao walilipata kwetu katika karne ya 19, nasi tulilipata kwa Waarabu. Kwa hiyo neno lile lililoondoka Arabuni liliwapitia Waswahili na London kabla ya kufika Madrid, mwendo ambao hata mpagazi wa Ujiji angelalamikia mshahara wake.

Sisi nasi tuna mahali petu pa kuwapokelea wageni, napo ni palepale palipotayarishwa na Waarabu. Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi humalizika kwa konsonanti, jambo ambalo ulimi wetu haulipendi, basi tunakitia i mwishoni, kikawa saini, feli, ripoti, rekodi, chaji, paki, printi, na mara kikaketi katika safu moja na safiri, fikiri na subiri, kikakanushwa kama wao na kunyambuliwa kama wao. Hakuna mwalimu aliyetoa amri hiyo. Karibu na stesheni ya reli ya Tabora kuna kibanda cha mbao ambamo kijana mmoja ametandaza nyaya nyingi kama mizizi, na juu ya dirisha amebandika karatasi isemayo kwamba anachaji simu, anaprinti na anatoa kopi. Nilikuwapo siku moja alipofika bibi mmoja mwenye simu ya vitufe aliyoifunga katika pindo la khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii imezima."

"Haijazima kwa ubovu, bibi, haikuchajiwa."

"Basi nichajie. Mwanangu wa Kaliua atapiga jioni. Ikichajika hata nusu inanitosha."

Katika maneno hayo machache, kati ya kijana aliyeacha shule na bibi ambaye kwa dhahiri Kinyamwezi ndicho kilichomlea, kitenzi cha Kiingereza kilipita katika kutendwa, katika kutendea na katika kutendeka, kila mkia mahali pake, pasipo kukwama. Nikajiuliza mwandishi wa barua za kulalamika angemsahihisha yupi kati ya wale wawili, na kwa neno gani. Kutia umeme? Kujaza nguvu? Bibi angemtazama kwa huruma.

Mahali pengine palipoingiza vitenzi vya Kiingereza ni darasani, na Tabora inajua habari hiyo kuliko miji mingi, kwa kuwa shule ya serikali ya hapa, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, ilikuwa miongoni mwa zile zilizowazoesha watu wetu mitihani ya Kiingereza. Humo tulipata kupasi na kufeli. Ajabu ni kwamba havikuwa na bahati moja. Kupasi kimerudi nyuma, kwani aliyefanya vyema bado tunasema amefaulu, au amefuzu, kitenzi cha Kiarabu chenye harufu ya ushindi wa vita. Lakini kufeli kimeshika mizizi hata kushindwa na kuanguka vimeanza kukipisha njia. Waliofanikiwa wameachiwa vitenzi vya mababu, na waliokosa wakapewa cha mkoloni. Wanafunzi wa vyuo vikuu wamekwenda mbali zaidi, wakakibuni kudisko kwa maana ya kuondolewa masomoni kwa sababu ya alama mbaya, na yeyote aliyemsikia mzazi akisema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amedisko atakubali kuwa kitenzi hicho hakina mchezo ndani yake.

Baada ya kusema hayo yote, yapo ninayoyakataa. Nakataa kauli ya mtu wa ofisini anayechukua kiambishi cha Kiswahili na kukibandika mbele ya kitenzi cha Kiingereza kilicho kizima, pasipo kukipa irabu ya mwisho, na kukitamka kwa pua kama alivyokisikia katika semina. Huyo hakuazima kitu. Ameshindwa kuamua anasema lugha gani, na msikilizaji ndiye anayelipishwa gharama ya kutoamua kwake. Dalili ya kumtambua ni nyepesi: mwombe akinyambue kitenzi chake, akitie katika kutendewa au kutendana, na utamwona akirudi kwenye Kiswahili mbio. Namkataa pia mtangazaji anayesema kwamba serikali imefanya kuripoti, kana kwamba kuripoti hakuwezi kusimama bila mkongojo wa kufanya. Njia ya kusaidiwa na kitenzi kingine ni njia halali na ya kale. Ndiyo iliyotupa kupiga simu, ambapo simu ni neno la Kiajemi la waya, na kupiga picha, na kutia saini. Lakini hiyo ni kwa majina yaliyokuwa majina. Kitenzi kilichokwisha kupata miguu na kiachwe kitembee.

Na mahali palipo na kitenzi chetu kilicho hai, chenye afya, sioni haja ya kukiua kwa ajili ya mgeni. Nasema hivi hasa kwa ajili ya kuegesha. Hili ni neno la mabaharia, la kukileta chombo ubavuni mwa gati au mwa chombo kingine taratibu pasipo kukigonga. Na likapanda bara, likaacha majahazi, likajifunza malori. Ukisimama kituo cha mabasi cha Tabora, mamia ya kilomita kutoka baharini, utamsikia utingo akimwelekeza dereva aegeshe basi vizuri. Kupaki kipo pia, na kinanyambulika, wala simwiti mhalifu anayekitumia. Ila kila nionapo gazeti limeandika kwamba magari yalipakiwa barabarani, hunibidi nisome mara mbili ili nijue kama magari yalisimamishwa au yalipandishwa juu ya kitu, maana kupakia ni kitenzi chetu cha siku nyingi na hivi viwili vinagongana katika kutendwa. Kuegesha hakina ugomvi na mtu.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limefanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifu istilahi, na mengi ya maneno yake tumeyapokea kwa shukrani. Lakini istilahi aghalabu ni majina, kwa sababu jina linaweza kuundwa katika kikao na kutumwa mikoani kwa waraka. Vitenzi haviji kwa waraka. Ndiyo maana ningependa wahariri wa magazeti, ambao ndio walio karibu na msemaji kuliko mabaraza, waache kuandika vitenzi hivi ndani ya alama za kunukuu kama watuhumiwa. Anayeandika kwamba mkataba "umesainiwa", kwa alama hizo mbili zinazoning'inia, anamwambia msomaji kwamba anakitumia kitenzi na kukionea haya kwa wakati mmoja. Na hajapata kuziweka kwenye "umesajiliwa", ambacho nacho kilikuwa mgeni siku moja, katika daftari la mtu fulani, chini ya mwembe fulani, kati ya hapa na Ujiji.

Limebaki jambo moja linalonitia mashaka katika kipimo changu mwenyewe, nalo ni kitenzi kubeti. Kwa sarufi hakina ila. Vijana wanabeti, wanabetiana, pesa zinabetiwa, na msamiati mzima umekizunguka, hata karatasi ya ubashiri imeitwa mkeka, na mwenye kupoteza husema mkeka umechanika, maneno ambayo nakiri ni mazuri. Lakini tulikuwa na jina la mchezo huo, kamari, la Kiarabu, lililokuja na hukumu yake ndani, kiasi kwamba mtu hakuweza kusema anacheza kamari pasipo kushusha macho. Sheria ikaona aibu hiyo haifai katika leseni, ikasema michezo ya kubahatisha. Mtaa ukaona hata hiyo ni ndefu, ukachukua kubeti, na katika kitenzi hicho hamna tena bahati wala haramu, pana kidole na simu tu.

Maneno ya njia ya misafara yamepata kugeuka namna hiyo, ila kwa upande wa pili. Hongo ya Ugogo ilikuwa kodi, iliyotolewa mchana, mbele ya watu, kwa mtemi mwenye maji; neno hilo likashuka cheo mpaka likawa la kitu kinachopitishwa chini ya meza. Neno lililokuwa halali likavishwa aibu baada ya vitendo kuharibika. Kubeti kimefanya kinyume, kimeivua aibu ilhali kitendo ni kilekile, na duka lake liko mkabala na soko, limepakwa rangi za kupendeza, na mshahara wa mwezi huingia humo Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo nimekipa kitenzi hiki haki zake zote za kunyambuliwa, na sitamsahihisha kijana yeyote anayekisema. Ila katika safu hii, nikiwa na habari ya mtu aliyepoteza ada ya mtoto wake kwa mechi ya Ulaya, nitaandika kwamba alicheza kamari.